Maneno ya Kwenda na Kurudi

Barua za nyumbani sijui kuandika, lakini ripoti ya mgonjwa naijua. Nilifundishwa uuguzi na mtawa mmoja mkali, ambaye akikuta karatasi ya kitanda haina sahihi alikuita mbele ya wodi nzima akuulize kama siku hiyo ulikuwa hai. Tangu hapo siandiki "mgonjwa anaendelea vizuri" kama wavivu wanavyoandika. Naandika alichokula, alichobakiza, alichosema na saa aliyoisema. Nayataja haya mapema kwa sababu ripoti hizo ndizo zilizokuja kumfunga mzee wa watu, na kila neno lililomfunga lilikuwa na mwandiko wangu.

Mzee mwenyewe alikuwa Mbengali wa miaka themanini na mitatu, mfiwa wa mke, na nilimhudumia mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya mwanawe, mtaa wa Al Thumama, hapa Doha. Mimi nilikaa Al Wukair na wauguzi wenzangu wa kampuni, sita katika nyumba ya vyumba vitatu, na gari la kampuni lilituzoa alfajiri kabla jua halijawa adui. Nilipofika ilikuwa ni kumwogesha, kumvisha, kumpa dawa za mikono inayotetemeka na kumtilia matone ya macho. Macho yalikuwa yamebaki ya kuona vivuli tu. Aliletwa Doha kutibiwa hayo macho kwa miezi mitatu, na miezi mitatu ikawa inazaa mingine.

Nilimwita Babu, kwa kuwa ndivyo nimwitavyo mzee yeyote wa umri ule. Alifurahi sana, maana kwao neno hilo ni la bwana mwenye heshima zake, na hakutaka nimweleze zaidi. Yeye aliniita Ma, kama sisi tunavyomwita mtoto wa kike mama. Kwa maneno hayo mawili tulielewana kuliko watu wengi walioishi nyumba moja.

Siku ya nne aliniambia shida yake kwa Kiingereza, bila kuombwa. Babu yake mwenyewe alimiliki vijiji. Baba yake alibakiwa na mashamba baada ya serikali kugawa ardhi. Yeye alibakiwa na nyumba moja kubwa yenye nguzo zinazobanduka rangi, mabwawa mawili ya samaki, na ukumbi wa wazi mbele ya hekalu la ukoo. Ukumbi huo ndio uliokuwa roho yake. Kila msimu wa sherehe ya mungu wao wa kike, wapiga ngoma, waimbaji, waigizaji na wafinyanzi wa sanamu walikuja kufanya kazi zao pale, wakala na kulala pale, kama walivyofanya enzi za babu yake. Alitaka arudi kabla ya sherehe inayofuata, atie sahihi hati ya kuwaachia wasanii nyumba hiyo, pamoja na darasa dogo la watoto wa kusoma Kisanskriti, lugha ya maandiko yao ya kale. Mwanawe alitaka wajenzi wa maghorofa wapewe kiwanja. "Yeye ana haki ya kutaka," Babu alisema. "Mimi nina haki ya kutia sahihi. Ndiyo haki pekee niliyobaki nayo, Ma."

Kila Ijumaa wasanii wake walimpigia simu. Niliiweka simu ndani ya bakuli la chuma ili sauti ipande, naye akainama juu ya bakuli akisikiliza mazoezi yao kutoka upande wa pili wa bahari. Mpiga ngoma akiharakisha, Babu aligonga ukingo wa bakuli kwa kidole na huko wakaanza upya. Ndege zilipita juu yetu kila dakika chache kwenda kutua, na kila ilipopita alinyanyua mkono wasimame, kama kwamba hata wao walikuwa wanaisikia.

Sasa nije kwenye kosa langu. Asubuhi ya kwanza, baada ya kuoga, Babu aliketi juu ya mkeka mgongo umenyooka, akaanza kusema maneno nisiyoyajua. Alisema neno la kwanza na la pili. Kisha la pili na la kwanza. Kisha la kwanza na la pili tena. Halafu la pili na la tatu, la tatu na la pili, la pili na la tatu, hivyo hivyo, mkono ukipanda na kushuka, kwa muda wa dakika arobaini. Nilimwita mara mbili, hakuitika. Mara ya tatu alinikunjia uso. Mimi nimehudumia wazee waliopotewa na akili, naijua ile ya mtu kuzunguka neno moja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikachukua faili nikaandika: "Mgonjwa anarudiarudia maneno. Anayasema mbele, anayarudisha nyuma. Haitiki anapoitwa. Akikatizwa hukasirika." Niliandika hivyo siku tisa mfululizo, kwa saa na dakika, na nikatia sahihi. Nilijiona muuguzi kweli kweli.

Aliyenitoa ujinga ni mwanawe. Ilikuwa Ijumaa, tunakunywa chai ya asubuhi, naye akaliomba faili alipitie. Alikuwa mhandisi, mtu wa sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi. Alisoma ukurasa wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sister, huyu haumwi akili," akaniambia. "Hivyo ndivyo wanavyohifadhi maandiko kichwani. Ukilisokota neno mbele na nyuma, haliwezi kudondoka wala kubadilishana nafasi na jirani yake. Baba alifundishwa na mwalimu aliyeletwa kutoka kusini akiwa na miaka saba. Na mimi alinifundisha. Nimechapwa sana kwa ajili ya mambo haya." Akanionyesha, kipande cha mkate mkononi: maneno matatu, mbele, nyuma, mbele, bila kukwama. Mkewe aliyekuwa anamimina chai akacheka naye.

Niliona haya. Katika kazi yetu ukikosea hufuti wala huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, unatia sahihi na tarehe. Nikapiga mistari kurasa zote tisa, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, nikaandika maelezo kwenye karatasi nyingine na kuibana humo. Faili lilipojaa, mwanawe alilichukua akaniambia ataliweka mahali salama, akaniletea jipya. Nilimshukuru kwa utaratibu wake.

Lakini kabla ya mistari hiyo kulikuwa na picha. Kila Alhamisi jioni mkewe alipiga picha za kurasa zangu kwa simu yake ili mumewe azisome kazini. Sikuona ubaya. Mwanamke huyo aliniita didi, yaani dada mkubwa. Aliniwekea pande la samaki wao wa miiba mingi, akakaa kunifundisha kuitoa miiba kwa ulimi. Krismasi alininunulia kitambaa cha rangi ya zambarau. Nikiumwa kichwa alinikanda mwenyewe. Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza, nami methali hiyo nimeifundisha wengine, ila siku ya kuumwa sikuihisi.

Nilipomwomba Babu radhi kwa kosa langu la siku tisa, hakukasirika. Aliniuliza tu kama kwetu tunahifadhi kitu chochote kichwani. Nikamwambia zaburi kadhaa, na namba ya simu ya mama yangu. Akasema inatosha kwa kuanzia. Tangu siku hiyo nikawa ncha ya pili ya kamba yake. Yeye hakuweza tena kusoma vitabu vyake, na mtu anayekariri peke yake, alisema, hudanganywa na sikio lake mwenyewe. Akasema jozi moja, mimi nikairudisha. Nikikosea aligonga goti. Akikosea yeye, na alikosea mara chache, mimi niligonga meza.

Beti za ibada hakunipa. Alinieleza wazi: "Hizo nilipewa kwa kiapo, Ma, na nisikudanganye kuwa ningekupa." Sikumlaumu, hata kanisani kwetu kuna vitu havishikwi na kila mkono. Alinipa beti nyingine, za mvua, za tembo, za mfalme aliyemwacha mke na kusahau. Tulizipitisha njia ile ile ya kwenda na kurudi. Alinisifu kwamba simezi mwisho wa neno, jambo lililowashinda wanafunzi wa kwao. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa na beti kumi na mbili kichwani, na maana yake akinipa baadaye, kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto uji wa moto. Nilikuwa na furaha. Huku mjini watu wananijua kwa rangi ya sare yangu, na hapa palikuwa na mtu aliyesubiri asubuhi ifike ili anifundishe.

Miezi miwili kabla ya sherehe yao, mkwewe aliniambia tumpeleke Babu kliniki. "Ni cheti tu cha kusafiria, didi. Mtu wa umri wake, watu wa ndege hawamchukui bila karatasi ya daktari." Nilikimbia kumwambia. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba anarudi nyumbani. Alinitaka nimpigie pasi nguo yake nyeupe ya kukunja na shali ya marehemu mkewe, na ndani ya gari alinitajia majina ya wapiga ngoma wote kwa mpangilio wa umri.

Daktari alikuwa mpole, na mezani kwake palikuwa na bahasha iliyofunguliwa. Alianza kumuuliza Babu maswali, kwa Kiingereza, mimi nimesimama nyuma ya kiti na mwanawe na mkewe wameketi kando ya ukuta. Leo ni tarehe gani? Babu akamtajia tarehe ya Kibengali, mwezi wao, na siku ya mwezi mwandamo, kwa sababu akilini mwake alikuwa anaulizwa na mtu anayemsafirisha kwenda kwenye sherehe. Daktari akaandika kitu. Kisha akamwambia: "Nitakutajia maneno matatu, baadaye nitakuomba uyarudie. Mto. Kiti. Njiwa." Wakazungumza habari za usingizi na chakula. Halafu akasema, haya, yarudie.

Nilimwona Babu akinyoosha mgongo, kama asubuhi mkekani. Aliweka mkono gotini. "Mto kiti, kiti mto, mto kiti," akasema, mkono ukipanda na kushuka. "Kiti njiwa, njiwa kiti, kiti njiwa." Hakukosea hata silabi. Alikuwa anamwonyesha daktari kwamba hakuna kilichodondoka, kwa ushahidi wa juu kabisa aliokuwa nao, ushahidi aliopewa akiwa na miaka saba. Akatabasamu kuelekea mahali alipodhani daktari amekaa. Daktari alikuwa anatazama chini, kwenye bahasha, na kutoka niliposimama niliuona ukurasa wangu. Picha safi, bila mstari.

Babu alipotolewa kwenda kupimwa uzito, daktari aliniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ni wangu, lakini nilikosea, na kosa nimelisahihisha, na huo ndio utaratibu wao wa kuhifadhi maandiko, na maelezo yamo kwenye faili. Nilisema haraka mno, kama mtu anayedanganya. Daktari akamgeukia mwanawe: je, ni kweli kuna utaratibu kama huo?

"Baba amependa mambo ya kale siku zote," mwanawe alijibu kwa ile sauti yake ya chini. "Mimi ni mhandisi. Hayo siyajui. Na faili la zamani tulilitupa tulipofanya usafi."

"Si wewe uliyenieleza?" nikamuuliza. "Tukinywa chai. Ukanionyesha."

Aliyejibu ni mkewe, na alinishika mkono kwa upole ninaoukumbuka mpaka leo. "Didi anampenda sana baba," alimwambia daktari. "Inamuumiza kukubali. Hata sisi inatuumiza." Daktari akanitazama kwa huruma, Mungu anisamehe nilivyoichukia ile huruma. Akauliza tena, kwa adabu, kama mimi ni muuguzi niliyesomea. Ndiyo. Kama sahihi ni yangu. Ndiyo. Akafunga bahasha.

Njiani Babu aliuliza kama cheti kimepatikana. Mkwewe akasema kimepatikana. Nami nikanyamaza.

Jioni hiyo nilimweleza muuguzi mwenzangu wa Kisumu ninayelala naye chumba kimoja. Alikuwa anajipaka mafuta miguu, hakuacha.

"Tulia tu, msee," aliniambia. "Hiyo ni family yao. Leo ukiongea, kesho office wanakuita, kesho kutwa uko airport na sanduku."

"Lakini wametumia mwandiko wangu."

"So? Mzee alikuwa anauzwa tu, na notes zako ama bila. Wewe walikutumia kama kalamu. Nani huchukia kalamu?"

Nilimkasirikia siku mbili, kisha nikafanya alivyosema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono wa yule mwanamke. Wiki tatu nzima nilimwogesha, nikamvisha, nikakaa naye mkekani nikirudisha jozi zake, bila kumwambia neno. Nilijidanganya kuwa natafuta siku nzuri. Alipangilia safari kila siku. Aliwaambia wasanii wake kupitia bakuli kwamba wasafishe mabwawa, kwamba anakuja, kwamba mwaka huu sanamu iwe na macho makubwa ili na yeye aweze kuyaona. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Barua ilipokuja, mwanawe alimsomea sebuleni kabla ya kwenda kazini, amesimama, funguo za gari mkononi. Mahakama ya kwao imekubali maoni ya daktari kwamba baba hana uwezo wa kusimamia mali yake, na mwana ndiye atakayeisimamia. Akasoma na sababu. Akasoma maneno yangu, anarudiarudia, anayarudisha nyuma, haitiki, hukasirika. "Ni muuguzi wako mwenyewe aliyeandika, baba," akasema. "Si mimi." Hapo alikuwa mkweli. Akaweka barua kwenye mapaja ya mzee, asiyeweza kuisoma, akatoka.

Nilikuwa na vidonge kiganjani na glasi ya maji. Babu hakunigeukia mara moja. Alipapasa karatasi ile ukingoni, pande zote nne.

"Ma, uliandika hivi?"

"Niliandika, Babu. Siku tisa za kwanza, kabla sijajua. Ndizo nilizokuomba radhi." Na sasa yakatoka yote, ya wiki tatu. Nikamwambia habari za picha, za cheti cha uongo, za maneno matatu kliniki. Nikamwambia mwanawe alijua. Kwamba yeye ndiye aliyenieleza maana, alicheka, akakariri mwenyewe mbele yangu, na mbele ya daktari akadai kwamba hajui. Nilisema kwa hasira, na nilitaka hasira hiyo aichukue aende nayo kwa mwanawe, aivunje nyumba. Nilitaka tuwe wawili tuliosalitiwa.

"Alikueleza yeye mwenyewe?" akauliza.

"Yeye mwenyewe."

Ndege mbili zilipita. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, nikampa vidonge, akavimeza, akarudisha glasi.

"Mtoto ninaye mmoja," alisema. "Nyumba imekwenda. Wale wapiga ngoma watapata ua mwingine au hawatapata. Lakini nikifa, Ma, mkono utakaowasha moto wa kunichoma ni wake. Kwetu hakuna mwingine awezaye. Siwezi kulala kila siku nikiusubiri mkono ule na kuuchukia. Sina nguvu hizo." Akapumua. "Kwa hiyo nitaamini ni wewe uliyenifunga."

Nilimwambia anajua si kweli.

"Najua," akasema. "Na leo jioni nitawaomba waniletee muuguzi mwingine, maana nikikusikia asubuhi nitakumbuka ninachokijua. Wewe ni kijana. Utaweza kulibeba kosa hili."

Akanyoosha mkono kunitafuta, akapapasa hewani upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nilikuwa nimesimama karibu ya kutosha kuushika. Sikuushika.